Kabla Gari Halijakuzimikia Migyera: Ninavyojiandaa kwa Safari ya Bombo hadi Arua

Mimi ni mtoto wa Bombo, Uganda, na kwa mtu wa Bombo barabara ya Gulu si habari ya kusimuliwa, inapita mlangoni. Malori ya Sudan Kusini, mabasi ya Arua, taksi za Luweero, yote tunayasikia tukiwa kitandani. Nyumbani tunaongea Kinubi na Kiswahili, na riziki yangu ni vikapu na mikeka: naipakia kwenye Noah yangu, naivusha daraja la Karuma, naiuza Arua, narudi na asali, simsim na samaki wakavu wa angara ninaowanunua Pakwach. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 400. Barabarani wananiita Hajati. Makka sijafika, lakini huku kila mama mwenye kitambaa kichwani na usukani mkononi ni Hajati, na mimi sikatai.

Mengi ya haya nilifundishwa usiku mmoja, mwaka 2016, kilomita chache baada ya kupita Migyera, senta (mji mdogo wa kando ya barabara). Ilikuwa Novemba, saa moja na nusu, giza limeshafunga. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu. Tairi la nyuma kushoto likapasuka. Sikushtuka sana, kwa sababu nilijua nina kila kitu: spea ipo, jeki ipo, spana ipo. Tukashuka.

Spea kwenye Noah yangu inaning'inia chini ya tumbo la gari. Mnyororo wake ulikuwa umeshikwa na kutu na tope, ukagoma kushuka. Tulipoupiga mpaka ukakubali, tairi lenyewe lilikuwa limelegea kama chapati. Spana ilikuwa ya gari jingine. Iliingia kwenye nati ikazunguka bure. Jeki nikaiweka kwenye udongo wa kando ya lami. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, basi badala ya gari kupanda, jeki ikashuka. Vitu vitatu, vyote ninavyo, na hakuna hata kimoja kilichonifaa.

Aliyesimama ni dereva wa lori la Mombasa, mzee wa kofia ya vito. Hakulitazama tairi. Alimtuma utingo wake na panga akakate matawi, akaenda mwenyewe kuyapanga nyuma yetu, mbali kabisa, ndipo akarudi kunisalimia. Nikamwambia, mzee wangu, shida iko huku. Akasema, "Mama, tairi haliwezi kukuua. Atakayekuua yuko Nakasongola saa hii, na anakuja."

Kuanzia siku hiyo nina kanuni mbili tu. Uonekane kwanza, ndipo utengeneze. Na kitu ambacho hujakijaribu uani kwako, gizani, kwa mikono yako, usikihesabu kwamba unacho.

Kuonekana

Sisi wa barabara hii hatujasahau Mei 2018 kule Kiryandongo, basi lilipogonga trekta lililokuwa barabarani usiku bila taa. Walikufa watu zaidi ya 20. Mimi nikiona gari limezima gizani bila alama yoyote, tumbo linanikata.

Fanya hesabu hii kidogo. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linakula karibu mita 28 kila sekunde. Gari dogo, breki nzima, lami kavu, dereva macho, linahitaji kama mita 80 tangu aone mpaka lisimame. Basi lililojaa linahitaji zaidi. Sasa wewe unaweka pembetatu ya tahadhari hatua kumi nyuma ya buti la gari, kama ninavyoona watu wakifanya kila wiki. Hiyo ni robo ya sekunde. Umemwonyesha mahali pa kukugongea.

Hatua yangu moja ni kama sentimita 70, nimeipima kwa utepe wa fundi nguo. Kwa hiyo pembetatu ya kwanza naipeleka hatua 150 nyuma. Kama nyuma yangu kuna kona au mgongo wa kilima, sihesabu hatua. Naendelea mpaka pale dereva atakapoiona kabla hajaingia kwenye kona. Ya pili naiweka hatua 50 nyuma. Mimi nina tatu, maana barabara yetu ni ya njia mbili na anayekuja kutoka mbele huenda yuko katikati ya kumpita mwenzake. Ya tatu inakwenda mbele hatua 100.

Pembetatu ifungulie pale pale garini, utembee kando ya lami ukiwa umeishika mbele ya kifua, uso wa kung'aa ukiwaelekea wanaokuja. Ukiibeba imekunjwa kwapani, dereva haoni kitu. Na ukirudi garini magari yatakuwa yanatokea mgongoni, basi tembea nje zaidi, kwenye nyasi.

Pembetatu nyingi za dukani ni nyepesi. Basi la Arua likipita na upepo wake, inaanguka kifudifudi na hujui. Nilishona vifuko vitatu vya kitenge cha zamani, nikavijaza mchanga, kila kimoja uzito wa kama kilo moja na nusu, na kila kifuko kinakaa pamoja na pembetatu yake. Watu hutumia mawe. Mawe yanafaa mpaka wakati wa kuondoka, kwa sababu mwenye gari akishapata nafuu anapanda, anakwenda zake, na jiwe linabaki likimsubiri mtu wa boda boda.

Kuhusu matawi: yanasaidia. Dereva yeyote wa Uganda akiona matawi lamini anajua mbele kuna gari limekwama, na mchana anayaona mbali kuliko pembetatu. Lakini usiku jani halirudishi mwanga. Kwa hiyo mimi panga ninalo, na matawi nakata, ila ni nyongeza, nayaweka nyuma zaidi ya pembetatu ya kwanza. Na nikiondoka nayaokota yote.

Koti la kung'aa ninalo la kwangu na la abiria mmoja. Nalivaa juu ya gurbaba, vazi letu la Kinubi, na dada yangu anasema nafanana na askari wa trafiki aliyetoroka harusini. Acha aseme. Jambo la maana ni mahali linapokaa: mfukoni mwa mlango wa dereva. Likiwa kwenye buti, utatembea gizani bila koti kulifuata koti.

Taa za hatari zijaribu kabla ya safari: bonyeza, shuka, zunguka gari lote. Mara mbili nimekuta balbu moja ya nyuma imekufa, na sikuwa na habari, maana dereva haoni mgongo wake mwenyewe. Chukua na kitambaa cha kufuta. Siku ya tope taa hizo hufunikwa kabisa.

Tairi, kwa kirefu

Wiki ya safari, jioni baada ya magharibi, naegesha gari uani, nazima taa ya nje, navaa tochi ya kichwani, na nabadilisha tairi moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Majirani waliponiona mara ya kwanza walidhani gari limeharibika wakaja kunipa pole. Siku hiyo ilinichukua dakika 50. Sasa ni kama 20, bila haraka. Tochi iwe ya kichwani kweli, kwa sababu ile ya mkononi utaishia kuing'ata kwa meno, na ya simu inamaliza chaji unayoihitaji kupiga simu.

Anza na spea. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Magari yetu ya Japani huandika kwa kPa na vituo vingi huku wanapima kwa psi, basi shika hili: 220 kPa ni 32 psi, na 240 ni karibu 35. Kama spea yako ni ile nyembamba ya muda, hiyo inataka 420 kPa, yaani 60 psi, na usiizidishe kilomita 80 kwa saa. Kazi yake ni kukufikisha kwa fundi, si Arua. Magari mengine ya karibuni hayana spea kabisa, yana chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi inaziba tundu la msumari. Tairi lililochanika ubavuni hailiwezi, na barabara yenye mashimo huchana ubavuni. Ningekuwa na gari kama hilo ningenunua spea hata kama itakaa kwenye kiti cha abiria.

Kama spea yako inaning'inia chini kama yangu, ishushe kila baada ya miezi miwili, piga brashi mnyororo na skrubu yake, paka grisi, pandisha. Ni kazi ya robo saa. Mimi ilinigharimu usiku mzima kuijua.

Halafu angalia umri wa matairi, yote, pamoja na spea. Ubavuni kuna namba ndefu inayoishia na tarakimu nne ndani ya kiduara kama yai. Ikiwa 3518, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Sheria yetu ya mwaka 2018 inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, lakini tairi chini ya gari hilo ni jambo lako wewe. Spea yangu ya Migyera, nilipokuja kuisoma mchana, ilikuwa na umri wa miaka 11, uso wake mpya kabisa, haijawahi kugusa lami, na mipira imekauka na kupasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta.

Nati sasa. Fundi wa matairi akifunga kwa mashine ya upepo, anakaza kwa nguvu ambayo wewe na mimi hatuna. Mwambie amalizie kwa mkono. Hata hivyo, beba kipande cha bomba la chuma, urefu kama mita moja, kinachoingia kwenye mkono wa spana. Urefu ule unafanya kazi ya misuli. Mimi nina kilo 62 na hakuna nati iliyonishinda tangu nipate bomba. Gari likiwa na nati za kufuli, ule ufunguo wake mdogo uweke kwenye dashibodi, na uutazame kwa macho kabla ya kila safari. Mafundi huusahau kwenye sanduku lao, bila nia mbaya.

Kipande cha ubao ndicho kitu ninachokisifia kuliko vyote. Wangu ni wa mvule, mraba wa sentimita 30, unene wa vidole vitatu, masalio ya fundi seremala wa jirani. Ukiweka jeki juu yake, udongo laini hauimezi. Tengeneza na kabari mbili za mbao za kuzuia magurudumu. Zitakuokoa kuhangaika kutafuta mawe gizani penye nyoka.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Gari kando ya lami, mahali tambarare kadiri unavyoweza kupata, hata kama utatambaa na tairi bovu mita mia mbili. Ringi inanunuliwa. Handibreki juu, gia kwenye P, au gia ya kwanza kama ni ya mkono. Abiria wote nje. Pembetatu zimeshawekwa. Kabari kwenye gurudumu la kona ya mkabala: ukitoa la nyuma kushoto, kabari ni mbele kulia. Legeza nati gari likiwa bado chini, nusu mzunguko kila moja, kinyume cha mshale wa saa. Ukishalinyanyua, gurudumu litazunguka nawe. Ubao, kisha jeki, kwenye sehemu ya chuma yenye mikato miwili chini ya mlango. Pembeni pake bodi inabonyea tu. Kabla hujanyanyua, laza spea chini ya gari pembeni ya jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi na si mguu wako. Ukishatoa tairi bovu, badilishana: bovu linaingia chini, spea inatoka. Yule mzee alinifundisha hilo bila maneno, alifanya tu, na mimi nikauliza kwa nini.

Nati zirudishe kwa vidole kwanza, zote, halafu shusha gari, ndipo ukaze kwa kuruka-ruka, moja huku, inayofuata mkabala, kama unavyoshona godoro. Baada ya kilomita 30 simama uzikaze tena. 

Injini ikichemsha

Noah ikiwa na magunia ya simsim, kupanda kutoka darajani Karuma saa nane mchana, mshale wa joto unaanza kuota ndoto. Ukiona unapanda, zima AC, washa hita mpaka mwisho, fungua madirisha. Utajisikia uko tanuruni, lakini hita inalivuta joto kutoka kwenye injini na mara nyingi hilo pekee linakufikisha senta inayofuata. Ukiona mvuke, hakuna senta tena: kando, zima.

Halafu subiri. Hapa ndipo watu huumia. Kifuniko cha rejeta usikiguse kwa dakika 30 mpaka 45, hata kama wote walioshuka kwenye taksi wanakupa ushauri. Maji yale yako chini ya mgandamizo, yamepita kiwango cha kuchemka, na yakipata mwanya yanaruka. Nina jirani mwenye alama yake kuanzia shingoni hadi kifuani. Gusa hozi ya juu kwa mgongo wa mkono; ikivumilika, weka kitambaa kinene, geuza kifuniko kidogo, acha ipumue, ndipo ufungue. Maji yatiwe polepole, na kamwe usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, itapasuka.

Nabeba maji lita tano kwenye jerikeni ndogo ya njano, na haya si ya kunywa. Ya kunywa yako mbele. Maji matupu ni ya dharura. Ukifika mjini, rudishia kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini.

Kama ni hozi iliyotoboka, chukua ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ule ambao watu wa boda wanafungia mizigo. Kausha hozi, vuta mpira kwa nguvu na uzungushe tabaka juu ya tabaka, kaza na waya wa kufungia. Kisha kifuniko cha rejeta kifunge nusu tu, mkato wa kwanza, mgandamizo usijijenge. Nimeendesha hivyo kutoka Kigumba mpaka Luweero, nikisimama kuongeza maji kila baada ya muda, na angara wakiwa wananuka nyuma.

Mkanda wa feni ninao wa akiba, umefungwa kwenye mfuko, pamoja na fyuzi za ukubwa tofauti na oili lita moja. Kuubadilisha mkanda mwenyewe siwezi; kwenye Noah mkono wangu haufiki. Lakini fundi wa senta ndogo ana mikono na hana mkanda wa gari lako, na hapo ndipo mnapokutana.

Betri

Gari la gia otomatiki halisukumwi likawaka, hata vijana kumi wakijitolea. Kwa hiyo nyaya za kuchangia moto ni lazima, na zisiwe zile nyembamba kama waya wa redio. Mpangilio: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake wa pili kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Cheche ya mwisho itokee mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayowaka. Acha gari zima lingurume dakika tano, washa, kisha ondoa kwa kurudi nyuma, ukianza na hiyo nyeusi ya chumani. Nimeyaandika haya kwenye kikaratasi nikakifunga kwenye nyaya, kwani kila anayekuja kusaidia ana mpangilio wake.

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, maji ya moto na mswaki wa zamani.

Moto

Tarehe 22 Oktoba 2024 lori la mafuta lilianguka Kigogwa, huku huku kwetu kwenye barabara ya Bombo. Watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya kumi. Sina la kuongeza hapo, ila hili la dereva: ukiona lori la mafuta limelala mbele yako, usisogee uone. Simama mbali, upande upepo unakotoka, ugeuze gari.

Kizima moto changu ni cha unga, kilo moja, na kimefungwa chini ya kiti cha abiria. Wengi hukiweka chini ya mizigo, na moto hausubiri upakue mikeka. Mshale wake uwe kwenye kijani. Kila mwezi nakigeuza kichwa chini na kukitikisa, unga usishikane. Moto ukiwa chini ya boneti usiifungue yote. Hewa inauongezea nguvu. Inyanyue kidogo tu kwa ile kufuli ya kwanza, elekeza mdomo wa kizima moto kwenye ufa, bonyeza. Kama hauzimiki na kizima moto kimekwisha, ondoka. Mikeka itasukwa mingine.

Watu, simu na pesa

Polisi ni 999 au 112. Lakini ukiulizwa uko wapi, "barabara ya Gulu" si jibu, ni kilomita mia tatu na zaidi. Nina tabia ya kutaja kwa sauti kila senta ninayoipita, kama kondakta: Wobulenzi, Luweero, Kakooge, Migyera. Abiria wanacheka. Ila nikikwama naweza kusema, nimepita Kakooge kama dakika kumi zilizopita, naelekea kaskazini, niko upande wa kushoto. Namba za fundi wangu, dada yangu na bima nimeziandika kwenye karatasi, maana simu ikifa inakufa na majina yote.

Pesa za mkononi ziwepo kwenye simu, na taslimu kidogo, ndogo ndogo, mahali pengine. Ukimtuma mtu wa boda akakuletee fundi au akapeleke tairi likajazwe, patana kabla hajawasha pikipiki, nenda na kurudi, na mpe nusu. Akirudi mpe nusu ya pili na kitu juu. Wa boda wa senta ndogo wanakumbuka.

Salimia kwanza. Unaweza kuwa na haraka ya kufa mtu, lakini "jamani nisaidieni" bila salamu haiendi mbali huku. Mpaka Nakasongola naanza na Luganda. Kampala na karibu yake bado wapo wazee ambao ukiwasemesha Kiswahili gizani wanadhani ni askari au mwizi. Kumbukumbu za zamani hizo, siwalaumu. Kuanzia Bweyale kwenda mbele, Kiswahili kinafungua milango, na kwenye vizuizi vya jeshi na polisi ndicho kinachokupatia kijana wa kusukuma gari.

Mkisubiri, msikae garini. Kaeni nje, mbali na lami, nyuma ya tuta au mti kama upo. Gari lililozima ndilo litakalogongwa.

Isipokuwa Karuma hadi Pakwach

Hapo nabadilisha kauli. Barabara inapita ukingoni mwa mbuga ya Murchison Falls, na tembo huvuka wanapotaka. Nyani wa Karuma nao wamezoea kutupiwa ndizi na abiria, jambo lililokatazwa, na gari lililosimama kwao ni duka. Nikikwama kipande hicho nasogeza pembetatu kadiri macho yanavyoona salama, sichomoki kwenda hatua 150 kwenye nyasi ndefu. Narudi ndani, nafunga vioo, na samaki nawafunika. Namsimamisha wa gari linalopita kwa taa, na hakuna kazi ya tairi nitakayoifanya peke yangu hapo jua likishazama. Afadhali niondoke Arua alfajiri. Ndiyo maana sasa nalala Arua siku ya ziada, hata kama wenyeji wangu wamechoka na mimi.

Buti

Karibu vyote nilivyotaja vinakaa kwenye kikapu kimoja kikubwa nilichokisuka mwenyewe, chenye mifuniko miwili, na kikapu kinaingia garini mwisho, baada ya mizigo yote, ili kitoke kwanza. Pembetatu juu kabisa. Chini yake glavu na kipande cha mkeka wa kupigia goti. Ubao, kabari, bomba. Nyaya. Mfuko wa fyuzi, mkanda, mpira wa tyubu, waya, gundi ya utepe, kisu. Sanduku dogo la bandeji na glavu za plastiki. Kamba ya kuvutia gari ninayo, lakini siipendi: gari otomatiki lenye kuvuta kwa mbele likiburuzwa mbali na magurudumu ya mbele yakiwa chini, gia inaungua, kwa sababu injini ikiwa imezima oili haizunguki ndani yake. Kamba ni ya kutolewa topeni na kusogezwa kando. Zaidi ya hapo, tafuta gari la kubebea.

Na tairi lililopasuka au lenye pancha lizibwe siku hiyo hiyo, kabla ya chai, kabla ya kufika kwa mtu. Kutoka pale ulipoibadilishia, huna spea tena. Mimi huziba Bweyale, kwa kijana mmoja mwenye kibanda kando ya barabara. Akilimaliza tairi analitumbukiza kwenye beseni la maji, tunatazama wote wawili kama kuna povu, halafu naishusha jeki yangu kikapuni na kumwomba apime upepo na wa lile jingine lililofungwa garini.